Anayetusubirisha Alipe

Bandari ya Bagamoyo imekuwa ikija tangu Machi 2013. Mwezi ule Rais Xi Jinping wa China alipotembelea Dar es Salaam, miongoni mwa makubaliano yaliyotiwa saini yalikuwamo ya kujenga bandari kubwa Mbegani, kusini kidogo ya mji wetu, pamoja na eneo la viwanda nyuma yake. Mwaka 2014 Oman nayo ikaingia. Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka uliofuata serikali mpya ikausimamisha mradi. Juni 2019 Rais John Magufuli akawaambia wafanyabiashara kwamba masharti ya wawekezaji hawezi kuyakubali ila mwendawazimu: dhamana ya miaka 33, ardhi kwa miaka 99. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Hao ni marais watatu, na hakuna meli iliyofunga gati Mbegani.

Mengi yameandikwa kuhusu bandari hii. Wapo wanaouliza kama bado inahitajika, maadamu ya Dar es Salaam inapanuliwa. Wapo wanaouliza kama Wachina wanatufaa, au kama mzigo utakaoshuka hapa utakuwa na reli ya kuubeba. Ni maswali ya maana na nawaachia wenye ujuzi nayo. Langu ni jingine, na sijaliona likiulizwa bungeni kwa uzito unaolistahili. Miaka yote hii ya kusubiri, gharama yake ameibeba nani?

Wameibeba watu wa Pande na Mlingotini, wa Zinga, Kondo, Kiromo na Mapinga. Eneo maalumu la uwekezaji la Bagamoyo lilichorwa kwenye ramani likiwa na ukubwa wa hekta 9,800 hivi, na tathmini ya mali za watu ilianza 2008, yaani miaka mitano kabla ya saini za Dar es Salaam. Kuna waliolipwa mapema, kuna waliolipwa kwa mafungu, kuna waliosubiri miaka na miaka. Nenda leo kwenye mkutano wa hadhara wowote katika vijiji vile, neno utakalolisikia kabla hujakaa ni mapunjo. Mapunjo ya fidia. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa tathmini ya kwanza ameshamaliza darasa la saba, na wazee bado wanazungusha faili lenye karatasi zilizofifia.

Nimefundisha shule za msingi za pwani hii mpaka nilipostaafu. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kutunza daftari la kikoba chetu cha kinamama. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na daftari liko kwangu. Wanachama ni wakulima wa mwani, wakaanga samaki, washonaji, mmoja ana jaruba la chumvi la marehemu mumewe, wengine wanauza maandazi na chapati asubuhi kituoni. Kila anayekopa namwandikia sababu ya mkopo, kwa maneno yake mwenyewe. Ukiifuata safu ile ya sababu, ukurasa kwa ukurasa, utaijua hali ya pwani hii kuliko ripoti nyingi zinavyoieleza.

Kurasa za zamani zimejaa mabati, saruji, tofali, miche ya minazi, kuchimba kisima, kuongeza chumba cha kupangisha. Hiyo ni mikopo ya mtu aliyetulia mahali pake. Kadiri habari za miradi zilivyozidi, safu ile ikabadilika. Ada ya shule. Matibabu. Rambirambi. Mtaji wa vitumbua. Ni mikopo ya mtu anayeivusha wiki. Mnazi mrefu wa kwetu huchukua miaka sita au zaidi mpaka uzae, na mtu asiyejua kama mwaka kesho atakuwa hapa hawezi kuupanda. Atapanda mchicha.

Nitatoa mfano mmoja, na mradi wenyewe sitautaja. Mwanachama wetu ana kiwanja upande mwingine wa wilaya. Alikopa kwetu akanunua mabati ya kuezekea nyumba aliyokuwa ameshaifikisha kwenye linta. Kabla fundi hajapanda juu, mthamini alipita, ukuta ukapigwa alama ya rangi nyekundu, na wenyeji wakaelezwa kwamba kuanzia siku ile asiongeze mtu hata tofali, kwa sababu kitakachoongezwa baada ya tathmini hakitalipwa. Mabati yakawekwa uani chini ya turubai. Masika ikapita, na nyingine ikapita. Turubai likachanika, maji ya chumvi yanayosafiri na upepo wa kusi yakafanya kazi yake, mabati yakaanza kutu tangu kwenye kingo. Mwishowe akayauza kwa bei ya chini mno akamalizia marejesho yetu. Ukuta wake bado umesimama hauna paa, na mradi wenyewe haujafika. Hakuna aliyemdhulumu kwa kusudi. Kila ofisa aliyekutana naye alifuata utaratibu. Kwa hiyo, utaratibu wenyewe ndio unaotakiwa kurekebishwa.

Sheria zetu za ardhi si mbaya, na katika baadhi ya mambo ni nzuri kuliko za majirani. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ni ya 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na kwa sheria ile mwenye shamba alilipwa alichokijenga na alichokipanda. Udongo wenyewe ulihesabiwa hauna bei. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ikazunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko ya ardhi. Baada ya hapo ikaja Sera ya Ardhi ya 1995, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999. Humo ndani tuliandika kwamba ardhi ina thamani, na kwamba anayetwaliwa ardhi yake apewe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati.

Kanuni za 2001 zikafafanua fidia hiyo ni kitu gani. Kuna thamani ya ardhi na mali, posho ya usumbufu, posho ya makazi kwa hesabu ya kodi ya miezi 36, faida iliyopotea kwa miezi 36 kwa mwenye biashara, na usafiri wa mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20. Nilipowasomea wanachama kifungu cha tani 12 walitazamana, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kukisikia. Kanuni zikaongeza kwamba fidia isipolipwa ndani ya miezi sita iongezwe riba. Na Sheria ya Uthamini ya 2016 ikaweka kwamba tathmini ya fidia hudumu miaka miwili, ikipita hapo lazima ifanywe upya.

Sasa tazama tundu lilipo. Miezi sita ya kuanza kudai riba inahesabiwa tangu ardhi ilipotwaliwa. Haihesabiwi tangu siku mthamini alipopita. Kati ya siku mbili hizo unaweza kupita mwaka, inaweza kupita mitano. Mwenye nyumba hajatwaliwa, kwa hiyo hadai kitu, na wakati huohuo hayuko huru, kwa hiyo hajengi kitu. Tathmini ikifikisha miaka miwili inakufa, wanakuja wathamini wengine na rangi nyingine, na kusubiri kunaanza upya. Serikali haitozwi hata senti moja kwa muda ule. Mwekezaji hatozwi. Anayetozwa ni yule ambaye mabati yake yameliwa na kutu, na kwa kuwa hakuna anayemwandikia risiti, tunadhani kusubiri ni bure.

Mwekezaji, yeye, akisubirishwa ana pa kwenda. Ushahidi tunao hapahapa wilayani. Kaskazini yetu, kuelekea mto Wami na Saadani, ipo ardhi ya iliyokuwa Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, tunayoiita Razaba. Tangu miaka ya 2000 wawekezaji wa Sweden walitaka kulima miwa pale, kwanza kwa ajili ya nishati ya mimea, baadaye kwa sukari. Kampuni ya EcoEnergy ikapewa hati ya hekta 20,000 na ushee. Wakazi waliokuwamo ndani ya eneo wakahesabiwa wao na mali zao, kwa maandalizi ya kuhamishwa. Mwaka 2015 shirika la misaada la Sweden, Sida, likajitoa kwenye mradi, na 2016 serikali ikafuta hati. Sehemu ya ardhi ile leo ni shamba la kampuni ya Bagamoyo Sugar ya Bakhresa, lenye kiwanda kilichoanza kutoa sukari 2022. Hilo ni jambo jema na vijana wetu wamepata ajira humo.

Lakini mwaka huohuo wa 2022, jopo la usuluhishi la kituo cha Benki ya Dunia kule Washington liliamua kwamba Tanzania iwalipe wawekezaji wale wa Sweden dola milioni 165 hivi kwa kufutiwa mradi. Kwa ajili ya deni hilo ndege ya Air Tanzania ilikamatwa Uholanzi. Sisemi kama uamuzi ule ulikuwa wa haki au haukuwa. Ninachosema ni kwamba serikali ilibadili nia, na pande mbili zikapoteza miaka kwa sababu hiyo. Upande mmoja ulikuwa na mkataba, mawakili na kituo cha usuluhishi, ikaamuliwa ulipwe. Upande wa pili, waliohesabiwa na kuku wao na mihogo yao kisha wakaachwa hawajui kama wapande au wasipande, haukuwa na mahali popote pa kupeleka miaka yake. Kusubiri, kumbe, huweza kuhesabiwa kwa pesa. Ila si kwa mkulima.

Mji huu haujaanza leo kuachwa na maamuzi ya mbali. Wajerumani waliufanya makao makuu yao, kisha 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwa kuwa maji yetu ni mafupi na meli za moshi zilitia nanga mbali na ufuo. Reli ya kati ilipokamilika, misafara iliyoshuka hapa na pembe za ndovu kutoka bara ikakoma. Waliobaki Bagamoyo walibaki na walichokuwa nacho kabla ya Mjerumani na kabla ya misafara, yaani bahari, minazi na chumvi. Ndivyo vilivyotulisha, na ndivyo vinavyoendelea kutulisha.

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu katika fidia zote nilizozitaja bahari haimo.

Njoo Mlingotini wakati wa bamvua. Maji yanapoanza kukupwa, kinamama wanateremka na makapu, mafungu ya kamba na vigingi, kanga zimekazwa kiunoni, wanafuata maji kwa mguu mpaka kwenye mchanga wa ndani ulioinuka. Kila mmoja anajua mistari yake ilipo bila alama yoyote ya kuonekana. Wanakaa ndani ya maji yanayofika kiunoni mwa mtu aliyekaa, wanachukua vipande vya mwani vya ukubwa wa kiganja na kuvifunga kimoja kimoja kwenye kamba, nafasi moja kati ya kipande na kipande, kisha kamba inavutwa kati ya vigingi viwili. Wanang'oa majani ya bahari yaliyojisokota, wanaondoa vipande vilivyogeuka vyeupe kwa ugonjwa. Wana saa chache tu. Maji yakianza kujaa hakuna wa kumwomba asubiri, na wengi wao hawajui kuogelea.

Baada ya wiki sita hivi mwani umekua, unavunwa, unabebwa ukiwa mzito wa maji mpaka ufukweni, na hapo kazi ya pili inaanza. Ukianikwa chini unashika mchanga, na mnunuzi anakata uzito. Ukinyeshewa mvua unapoteza chumvi na rangi, anakata bei. Wenye uwezo wamejenga chanja za miti na nyavu, wengine wanaanika juu ya makuti. Kuna aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi lakini haivumilii maji ya moto, na miaka hii maji ya ufukweni yamekuwa ya moto. Inataka kupelekwa kwenye kina, na huko kunataka mashua na kujua kuogelea. Kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu, inayouzwa kwa bei ndogo. Mwani huo unasafirishwa nje ya nchi, unakamuliwa utomvu wa kuzitia uzito dawa za meno, maziwa na dawa za hospitali.

Pesa yenyewe ni ndogo, lakini ni ya mwanamke mwenyewe, na inarudi kila baada ya wiki sita. Marejesho ya kikoba chetu yanafuata bamvua. Nimeona watoto wakivaa sare za shule kwa mwani, nimeona wakiendelea mpaka kidato cha sita kwa mwani. Katika miaka yangu ya kufundisha nilikuwa najua, kwa kutazama tu nani amelipa mchango wa chakula, kama mwani umepata bei au haukupata.

Sasa chukua fomu ya tathmini. Zile nilizosaidia watu kuzisoma zina nafasi ya nyumba, choo, kisima, kaburi, mwembe, mnazi, mkorosho. Mti mmoja mmoja unahesabiwa, na ukubwa wake unaandikwa. Mistari ya mwani haina nafasi. Iko chini ya alama ya maji kujaa, na huko hakuna kiwanja cha mtu. Mwanamke aliyelima kipande kilekile cha bahari kwa miaka, ambaye jirani zake wote wanajua mpaka wake, mbele ya mthamini ni mtu asiye na kitu. Mvuvi wa ngarawa anayetega madema kwenye miamba ileile aliyoonyeshwa na baba yake, naye hana kitu. Hata mama anayenunua samaki mnadani pale ufukweni karibu na forodha ya zamani, akawakaanga na kuwauza jioni, hana kitu. Wote watahesabiwa vibanda vyao na miembe yao, kama wanayo, na watahamishiwa mahali ambapo pengine bahari haionekani.

Bandari ya Mbegani haiwezi kujengwa bila kuchimba njia ya meli, na mchanga ukichimbuliwa hauchagui pa kutua. Ghuba ya Mlingotini ina mikoko na maji ya utulivu, na ndiyo sababu mwani na kamba wadogo wanastawi hapo. Mhandisi yeyote mkweli atakwambia kwamba haviwezi kubaki kama vilivyo. Basi kama haviwezi kubaki, vihesabiwe.

Kenya wamelipitia hili. Walipoanza kujenga bandari ya Lamu, wavuvi walikwenda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya uvuvi na kwa kutoshirikishwa. Hawakuwa na hati ya bahari. Mahakama ilitambua kwamba riziki ya vizazi ni haki, na kwamba mtu hahitaji uzio ili awe na kitu cha kupoteza. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na malipo ya wavuvi yakaendelea kusuasua, kwa hiyo simwonyeshi mtu Lamu kama mahali ambapo mambo yalikwisha vizuri. Ninachokiona pale ni kwamba jambo linalosemwa haliwezekani limeshawezekana, kwa watu wa pwani moja na sisi, wanaovua kwa ngarawa kama zetu.

Najua jibu litakalotolewa. Wataniambia kwamba nchi maskini haiwezi kumsimamishia mwekezaji mlolongo wa madai, atakwenda Msumbiji. Nalichukua jibu hili kwa uzito, kwa kuwa nataka viwanda vije. Wanafunzi wangu wamekaa vijiweni na vyeti vyao, wengine wamekwenda Kariakoo kubeba mizigo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sisi watu wa pwani ndivyo tulivyolelewa. Lakini kilichoukwamisha mradi wa bandari miaka yote hii si mama wa mwani. Umekwamishwa na masharti ambayo wananchi hawakuonyeshwa mpaka Rais alipoyasema hadharani 2019. Mkataba wa Razaba haukukwamishwa na wakulima wa mihogo. Miradi yetu mikubwa inaanguka juu, ofisini, na kishindo chake kinasikika chini.

Hili la masharti kufichwa nalo linaweza kurekebishwa, na mfano tunao. Mwaka 2023 makubaliano ya serikali na Dubai kuhusu bandari yalipelekwa bungeni na watu wakayasoma. Mjadala ulikuwa mkali, makanisa yakasema, mawakili wakasema, mpaka kijiweni watu walibishana juu ya ukomo wa muda. Oktoba mwaka ule ilipotiwa saini mikataba ya utekelezaji na DP World, muda ulikuwa umeandikwa, miaka 30, na magati yametajwa. Wananchi waliposoma, mkataba ukapata mipaka. Nashindwa kuelewa kwa nini wa Bagamoyo usianzie hapo, ukabandikwa kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za vijiji vyenyewe, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Na wakati tunasubiri yapo ya kufanya yasiyohitaji meli hata moja. Halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ukarudishwa 2024. Mkopo wa kikundi kimoja unatosha kwa chanja za kuanikia za kijiji kizima, au mashua ya kupeleka kotonii kwenye kina. Chuo cha uvuvi kiko Mbegani palepale, kilichojengwa kwa msaada wa Norway, na wakufunzi wake wanaweza kuwafundisha kinamama kuogelea na kuendesha mashua, kwa gharama isiyofikia ya semina moja ya hotelini. Barafu pale mnadani ingeokoa samaki wanaoharibika kila msimu wa joto. Hata hivyo, kikundi kilichomo ndani ya eneo la mradi kinapoomba, mara nyingi swali la kwanza kinaloulizwa ni kama mtaendelea kuwepo hapo. Na hilo ndilo swali ambalo sisi hatuwezi kulijibu, kwa kuwa wenye jibu ni hao wanaotuuliza.

Waheshimiwa wabunge, hasa ninyi wa majimbo ya Pwani na Tanga, kwa kuwa barabara ya Bagamoyo, Pangani hadi Tanga inajengwa na ardhi yote ya ufukwe huu itatazamwa kwa macho mapya. Leteni marekebisho ya sheria. Siku ya kuanza kuhesabu iwe siku alama inapopigwa ukutani. Kuanzia siku hiyo mwenye mali alipwe posho kila mwaka anaozuiliwa kuendeleza, na alipe yule aliyeomba eneo, awe serikali au mwekezaji. Ikifika miaka miwili hajalipwa fidia, zuio lifutike lenyewe, apewe barua yenye muhuri, apande minazi yake. Na fomu ya tathmini iongezewe ukurasa wa bahari, uandikwe mistari ya mwani, madema, maeneo ya kutega na kuanikia, ukithibitishwa na kamati ya ufukwe na majirani, kama mipaka ya mashamba inavyothibitishwa kijijini.

Msomaji uliye na kiwanja, shamba au kamba za mwani kwenye eneo lililochorwa, usingoje sheria ibadilike. Andika leo, kwenye daftari lolote, ulichonacho, tarehe mthamini aliyopita, na kila ulichozuiliwa kufanya tangu siku hiyo. Weka nakala kwa mtendaji wa kijiji na umwombe agonge muhuri. Sisi kwenye kikoba chetu tumeshaanza.